Godoro la Mbeyu

Godoro lako bado lina nailoni.
Mama alilinunua mjini Malindi, kwa pesa za mbuzi wawili,
akalipakia kwenye bodaboda, akalikumbatia hadi Sabaki
akiamini kwamba mtu akipewa pa kulala
atalala.

Ulililalia usiku mmoja.
Ukasema linalia kama mtu anayefungua biskuti matangani.
Ukachukua leso, ukatoka.
Asubuhi tulikukuta juu ya rundo la makumbi,
siafu wamekuandika shingoni,
unacheka.

Mbeyu, kitinda mimba wetu,
jina ulipewa la bibi,
yule aliyekaa kibarazani miaka arobaini
asivuke hata daraja.
Labda ndiyo miguu uliyorithi,
miguu ambayo mwenyewe hakuitumia.

Ulijua pale mto unapoitia bahari matope
na bahari inanyamaza.
Ulijua viboko kwa kikohozi chao.
Siku moja ulihesabu heroe mia nne na kumi na wawili,
ukafika nyumbani, ukasimama mlangoni,
ukarudi kule kule jua la saa nane
kwa sababu mmoja aliruka ukiwa kwenye mia tatu
na hukuwa na hakika kama ulimhesabu mara mbili.
Nani alikuuliza idadi?
Hakuna aliyekuuliza.

Na mimi ulinialika.
Da Sidi, twende Marafa,
jioni lile korongo hubadili nguo:
linavaa samli, linavaa pilipili,
halafu linavua zote.
Nikasema kesho.
Nilikuwa na sare za shule hamsini na tatu,
kola, mifuko, vifungo.
Ulisimama karibu na cherehani, vumbi hadi magotini,
ukaokota kifungo kimoja, ukakitia mdomoni kama mtoto.
"Kesho yako, dada, ina vifungo vingi."

Watu walisema msichana gani huyu,
ataolewa na nani, na mwitu?
Mama akijibu, nyumba haikimbii, atarudi.
Na ulirudi, kila mara,
na tunda lisilo na jina, na unyoya,
na miiba ambayo mimi ndiye niliyeitoa
kwa sindano yangu, chini ya taa,
nikikugombeza.
Hiyo ndiyo safari niliyosafiri nawe:
unyayo wako, mapajani mwangu.

Kisha homa.
Wadi ya wanawake, kitanda cha kumi na moja,
dirisha limepigiliwa misumari.
Siku ya tatu tulikuta upepo umeingia:
ulimpa mfagiaji shilingi hamsini na maneno matamu,
akaazima nyundo.
Siku ya tano tulipokuja kukuchukua
karani alitupa hesabu. Dawa. Kitanda. Maji ya mshipa.
Na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu:
dirisha, elfu moja mia mbili.
Mama alilipa bila kubisha.
Risiti ile ameiweka pamoja na kitambulisho chako.

Jana usiku nilitoa godoro uani.
Sijui nilitaka nini.
Nililala chali, nailoni ikalia,
nikakitafuta Kilimia ulichonionyesha
nikakiona, au niliona nyota nyingine tu zilizosongamana.
Mbu walinila. Kitu kilipita kwenye majani
nikaita jina lako kabla sijafikiri.
Uliwezaje, Mbeyu?
Ulikuwa ukisikia nini huko,
wewe, hata ukapata usingizi?

Saa nane nilishindwa, nikaingia ndani.
Godoro nililiacha.

Alfajiri lilikuwa limelowa umande,
na paka wa jirani katikati, kama mwenye nyumba.
Nilimsubiri mama agombe.
Alisimama kitambo, kanga imefungwa kifuani.
Akaja ndani, akachukua mkasi wangu,
ule wa kitambaa, ambao haruhusiwi mtu kuugusa,
akapiga magoti kwenye mchanga
akaanza kukata nailoni,
taratibu,
asimwamshe paka.